Tairi linalopunguza mafuta, na mteremko uliolowa



Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Chake Chake nafuatilia bei ya majimbi, akanijia kijana mmoja anayechukua ndizi na muhogo kwa pikapu yake kutoka upande wa Mtambile. Hakuniuliza habari ya mbolea wala wadudu. Alitoa simu akanionyesha picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye tairi jipya dukani. Ina mishale ya rangi, herufi A mpaka E, alama ya pampu ya mafuta na alama ya mvua.

"Bwana shamba," akasema, "muuzaji ananambia tairi hili halinywi mafuta sana, na Ulaya jambo hili ni sheria. Kweli, au ananiuzia maneno?"

Nikamwambia sheria ipo kweli, lakini asinunue kwanza, asubiri nimwandikie vizuri. Suala la tairi na mafuta nimeshawahi kulijibu kwa haraka mbele ya watu, na baada ya jibu lile mtu alivunjika mkono. Safari hii nataka nilijibu taratibu.

Mtajiuliza bwana shamba ana nini na matairi. Jibu ni kwamba mazao yetu hayauzwi shambani. Mkungu wa ndizi, gunia la muhogo, polo la karafuu, vyote vinapanda gari kabla ya kuwa fedha. Kila mwezi ZURA ikitangaza bei ya mafuta, siku ya pili mwenye gari anatangaza nauli ya gunia, na nauli ile inakatwa kwenye jasho la mkulima. Kwa hivyo lita inayopotea kwenye tairi inamhusu hata asiye na gari.

Tairi linakulaje mafuta?

Chukua baiskeli yenye upepo mdogo, uiendeshe kutoka nyumbani mpaka dukani. Unakanyaga, unatoka jasho, na baiskeli kama imeshikwa nyuma. Ijaze upepo, urudi njia ile ile, utaona imekuwa nyepesi. Njia haikubadilika, na wewe ni yule yule. Kilichobadilika ni tairi.

Pale tairi linapogusa ardhi, mpira wake unabonyea. Likizunguka, sehemu ile inanyanyuka na kurudi umbo lake, na nyingine inabonyea. Ni kama mtu anayekanda unga wa chapati bila kupumzika. Nguvu ya kukanda haipotei bure, inageuka joto. Ndiyo maana ukishika tairi baada ya safari ndefu unalikuta la moto. Joto lile ni mafuta uliyonunua. Wataalamu wanaita jambo hili ukinzani wa kuviringika. Sisi tuseme tu uzito wa tairi kwenda.

Uzito huu unapimwa kwenye mashine. Kipimo chake ni rahisi: kila tani moja iliyokaa juu ya tairi inahitaji nguvu ya kilo ngapi ili iendelee kwenda kwenye njia tambarare? Tairi lenye kipimo cha 9 linataka nguvu sawa na ya kuinua kilo 9 kwa kila tani. Tairi lenye kipimo cha 5.5 linataka kilo 5 na nusu tu.

Sheria zenyewe zinasemaje?

Umoja wa Mataifa una kanuni ya matairi, Kanuni Namba 117. Inaweka kikomo cha kelele za tairi, kikomo cha uzito wa kwenda, na kiwango cha chini cha kushika njia yenye maji. Kwa matairi ya kawaida ya pikapu na gari ndogo za mizigo, kikomo cha hatua ya pili ni kilo 9 kwa tani. Tairi lililofuzu huandikwa ubavuni kwa herufi ndogo S2WR2. Hiyo S ni ya kelele, W ni ya kushika kwenye maji, na R2 ni ya uzito wa kwenda, hatua ya pili.

Halafu Umoja wa Ulaya ukaweka ile karatasi ya rangi. Ilianza Novemba 2012, ikabadilishwa kuwa na herufi A mpaka E kuanzia Mei 2021. Kwa matairi ya pikapu, A kwenye alama ya pampu ni kilo 5.5 kwa tani au pungufu, C ni kati ya 6.8 na 8, na E ni zaidi ya 9.

Marekani wamekwenda njia nyingine. Mwaka 2011 walitoa kanuni za matumizi ya mafuta kwa gari nzito, zikaanza na gari za toleo la 2014. Pikapu nzito, zile ambazo uzito wake pamoja na mzigo ni baina ya pauni 8,501 na 14,000, yaani kama tani 3.9 mpaka 6.4, zinapimwa gari nzima kwenye mashine. Tairi zito likiharibu hesabu, aliyetengeneza gari ndiye anayebanwa.

Sasa nataka uishike hii: kwenye karatasi ya Ulaya, alama ya pampu haikai peke yake. Jirani yake ipo alama ya mvua. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nayo imeweka W na R pamoja. Walioandika sheria walijua kwamba ukimwambia mtu apunguze mafuta tu, kuna njia ya mkato ya kupunguza, na njia ile ni ya hatari. Mimi sikuijua. Nilijifunza hivi.

Jibu langu la haraka

Yapata miaka sita sasa. Masika yalikuwa yanaingia, nami nilikuwa na mkutano wa wakulima katika shehia moja ya Wilaya ya Mkoani. Mazungumzo yalikuwa ya mbegu za muhogo, lakini watu walikuwa na hasira na nauli, maana bei ya petroli ilikuwa imepanda. Mwenye gari aliyekuwa akiwachukulia mizigo alikuwepo pale, mtu mzima ninayemwita ami kwa ujirani wa wazee wetu. Akasema yeye hatapandisha nauli. "Matairi yangu ya nyuma yameshakuwa vipara. Gari nyepesi, inakwenda kama maji. Nikinunua mapya yenye kashata, mafuta yataongezeka, na nyinyi ndio mtakaolipa."

Watu wakacheka. Mmoja akanigeukia: "Bwana shamba, wewe umesoma. Ni kweli hayo?"

Nilikuwa na stashahada yangu ya Kizimbani na kidogo cha fizikia kichwani, na nilipenda kuulizwa. Nikasimama nikaeleza. Nikasema ndiyo, kashata za tairi ndizo zenye mpira mwingi unaokandwa, zikilika mpira unapungua, na tairi linakuwa jepesi kwenda. Ami akatabasamu. Mkutano ukafungwa kwa nauli ile ile, na kila mtu akarudi kwake ameridhika.

Ndugu msomaji, nililolisema ni kweli, na hata leo siwezi kulikana. Tairi lililolika lina uzito mdogo wa kwenda kuliko lilivyokuwa jipya. Kosa langu ni kwamba nilijibu nusu ya swali na kukaa chini.

Wiki mbili baadaye, mvua ikinyesha tangu alfajiri, ami alikuwa anateremka na mzigo wa majimbi na ndizi. Juu ya magunia walikaa watu wanne, kama tunavyokaa sote. Mbele kidogo ng'ombe akavuka njia. Ami akakanyaga breki. Kashata kazi yake ni kuyafukuza maji yaliyo chini ya tairi ili mpira uguse lami, na zake hazikuwepo. Magurudumu yakasimama, gari ikaendelea. Nyuma ikazunguka, ikaingia mtaroni. Watatu waliruka wakasalimika. Wa nne, bibi mmoja muuza majimbi, alianguka na gunia likamwangukia. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Nilikwenda kumtazama. Nyumbani kwake nilikaa kwenye mkeka sijui nianzie wapi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, si wewe uliyesema yanakwenda vizuri?" Nikasema ndiyo, bibi. Akasema: "Yalikwenda vizuri. Kusimama ndiko kulikotushinda."

Msimu ule hakuuza kitu. Majimbi yake mengine yaliozea ardhini, kwa sababu aliyekuwa akiyachimba ni yeye, na mkono ulikuwa kwenye plasta.

Tuhesabu sasa, polepole

Baada ya siku ile nilirudi kwenye hesabu. Kumbe hata upande wa mafuta peke yake faida niliyokuwa naisifu ilikuwa ndogo sana kwa kisiwa chetu.

Tuseme pikapu na mzigo wake ni tani mbili na nusu. Kwa tairi la kilo 9 kwa tani, nguvu ya kuisukuma njia tambarare ni kilo 22 na nusu. Kwa tairi bora kabisa la herufi A, ni karibu kilo 14. Tofauti ni kama kilo 9.

Sasa gari ile ile ipande mlima unaonyanyuka mita moja kwa kila mita kumi. Mlima peke yake unataka kilo 250, tairi liwe la aina yoyote. Na sisi wa upande wa magharibi ya Pemba tunajua njia zetu: unapanda, unateremka, unakata kona, unapanda tena. Ulichopanda nacho hukirudishi chote ukiteremka, kwa sababu unateremka na breki.

Maana yake ni kwamba ukipunguza kilo 100 zisizokuwa na kazi kwenye gari, kwenye mlima ule umepunguza kilo 10 za nguvu, zaidi ya ile faida ya kutoka tairi la mwisho kwenda tairi la kwanza. Na kilo zisizokuwa na kazi zipo. Tazama muhogo na majimbi ya masika yanavyopakiwa na udongo wake. Kung'uta udongo shambani, acha yakauke kidogo, ndipo ufunge gunia. Udongo ule una rutuba yako, na umeulipia nauli mpaka mjini ukatupwe sokoni.

Je, tairi jepesi halina faida? Linayo. Uzito wa kwenda ukipungua kwa asilimia 10, mafuta hupungua kwa kama asilimia 1 mpaka 2. Lakini kabla ya kununua faida hiyo dukani, wengi wetu tunaitupa kwa upepo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila pauni moja ya upepo inayopungua kwenye matairi yote manne inapoteza kama asilimia 0.2 ya umbali unaokwenda kwa lita. Ukitembea na upungufu wa pauni 10, ni kama asilimia 2. Mwenye gari anayetumia lita 15 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anatumia lita 375. Asilimia 2 yake ni lita saba na nusu kila mwezi. Kipimo cha upepo unanunua mara moja.

Na mafuta ndiyo hasara ndogo. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mwingi linakandwa kupita kiasi, linapata joto jingi, na mwisho linapasuka. Upande wa Micheweni, kwenye njia za mawe, ubavu uliobonyea nao hukatwa upesi.

Ninayokushauri

Kwanza, upepo. Tazama kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gari nyingi zetu zimetoka Japani, na kibandiko huandikwa kwa kPa. Kila kPa 100 ni pauni 14 na nusu, kwa hivyo 240 ni kama pauni 35. Mara nyingi ya nyuma huwa na namba kubwa zaidi kwa siku ya mzigo. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, angalau mara moja kwa wiki. Ukipima baada ya safari, joto litakudanganya.

Pili, usizidishe. Wapo wanaojaza mpaka tairi linalia kama ngoma ili gari iwe nyepesi. Ni kweli itakuwa nyepesi, lakini mpira unaogusa njia unapungua, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye mzigo. Nyanya na ndizi mbivu zikifika sokoni zimepondeka, ile petroli uliyookoa inakwenda kwa mnunuzi anayekushusha bei.

Tatu, soma namba ya mzigo. Baada ya saizi ya tairi kuna namba kama 110/108. Hiyo 110 ni kilo 1,060 kwa tairi likiwa peke yake, na 108 ni kilo 1,000 likifungwa mawili mawili. Tairi la gari ndogo ya abiria linaweza kuwa na 91, yaani kilo 615. Ukifunga mawili ya namna hiyo nyuma ya pikapu, umepoteza uwezo wa kilo 890, hata kama yameingia kwenye ringi bila taabu. Tafuta lenye C baada ya saizi, au LT. Hayo ni ya mizigo.

Nne, soma umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi ya mtumba huja na kashata nzuri na mpira uliokauka. Mpira mkavu haushiki lami iliyolowa.

Tano, kashata. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na Ulaya tairi hilo halitakiwi njiani tena. Kwa mvua za masika na miteremko yetu, mimi nisingengoja zifike hapo.

Sita, ukikuta karatasi ya rangi, soma alama ya mvua kwanza, pampu baadaye. Matairi mazuri ya siku hizi yanapata herufi nzuri pande zote mbili, kwa sababu viwanda vimejifunza kuchanganya mpira na silika, ambayo hupunguza joto la kukandwa bila kupunguza kushika. Lakini lipo pia tairi lenye C ya pampu na E ya mvua. Hilo ni kipara cha ami kilichovaa nguo mpya.

Saba, wewe wa gari ya ng'ombe usiseme haya hayakuhusu. Matairi ya gari yako yakikosa upepo, anayelipa ni mnyama. Ng'ombe anayevuta tairi lililobonyea anachoka mapema na shingo inapata vidonda chini ya nira. Mpeleke fundi wa pancha kabla hujampeleka ng'ombe kwa daktari wa mifugo.

Jibu la kijana wa Mtambile

Nimeitazama tena picha yako, mdogo wangu. Pampu ni C, sawa. Mvua ni B, nzuri. Namba ya mzigo haionekani, na bila ya hiyo usitoe fedha. Rudi dukani, usome ubavuni. Ikiwa ni 110 au zaidi na saizi ni ya gari yako, nunua. Ukishindwa kununua manne, usifunge mazuri mawili mbele na vipara nyuma. Yaliyo bora yawe nyuma, maana ami alizungushwa na nyuma. Kisha nunua na kipimo cha upepo.

Na wewe mkulima usiye na gari, una haki ya kutazama. Kabla hujapakia gunia lako, inama uangalie matairi ya nyuma. Ukiona vipara, sema, kwa adabu lakini sema. Nauli rahisi inayotoka kwenye tairi bovu umekopeshwa tu, na siku ya kulipa huichagui wewe.

Ami aliuza kondoo wawili akanunua matairi mapya, akapandisha nauli kidogo, na watu wakalipa. Bibi bado anauza majimbi Chake Chake. Mkono wake wa kulia haunyooki sawasawa, na siku hizi hakai juu ya magunia, anakaa mbele na dereva. Nikipita ananichagulia majimbi mazuri, na kila mara ananiuliza kama siku hizi nikiulizwa swali huwa namaliza jibu.

Wassalaam alaykum.